Nyamazisha gari kabla halijakuzibia masikio

Je, msomaji, umewahi kushuka garini baada ya safari ndefu ukasikia masikio bado yanavuma? Mwenzio anakusemesha, unaiona midomo yake ikicheza, lakini maneno yanakufikia kama yanayotoka ndani ya mtungi. Ukishalala usiku mmoja hali hiyo hutoweka, nawe ukaisahau.

Wengi huichukulia kuwa ni uchovu wa safari tu, sawa na kuumwa na kiuno. Waganga wa masikio hawaichukulii hivyo. Mvumo huo ni ishara kwamba sikio limepigwa na kelele kupita kiasi linachoweza kustahimili, na kwamba mara hii limebahatika kupona. Likipigwa hivyo siku nenda siku rudi, itafika siku ambapo halitapona.

Makala haya yanahusu kelele ambayo watu hawaifikirii sana. Si ile ya disko wala ya mashine za kiwandani, bali ile inayotoka kwenye sakafu, milango, paa na boneti ya gari ambalo mtu hushinda ndani yake kutwa. Sehemu ya kelele hiyo yaweza kupunguzwa na fundi wa kawaida wa jua kali, iwapo atajua aanzie wapi.

MALORI YA CHUMVI

Vuka daraja la mto Sabaki kaskazini mwa Malindi, upite Mambrui, kisha usimame kando ya barabara pale Gongoni. Huu ni mji wa chumvi. Kuanzia hapa kuelekea Marereni, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, yakaachwa juani hadi yakauke na kubaki chumvi nyeupe, ambayo hupakiwa kwenye malori na kupelekwa bara. Safari ya lori kutoka Gongoni hadi Nairobi kupitia Mombasa yapata kilomita 600.

Mbali na malori hayo, kuna matatu za kwenda Malindi, pikapiki za kubeba mizigo, tuktuk na bodaboda. Mengi ya magari haya yamekula chumvi nyingi, na hapo sitanii.

Mahali kama hapa mambo matatu hukutana. Kuna joto, linalomlazimisha dereva kushusha vioo, na upepo ukaingia ukivuma sikioni mwake. Kuna ukongwe wa magari, ambayo sailensa zake zimetoboka na raba za milango zimekauka zamani. Na kuna chumvi yenyewe. Hewa ya bahari na vumbi la mzigo hula mabati polepole, hasa sakafuni, mpaka abiria anaweza kuiona lami ikipita chini ya miguu yake. Kila tundu la kutu linalopitisha maji wakati wa masika, hupitisha pia kelele ya matairi na ya ekzosi.

Halafu kuna zile gari ambazo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Dereva na abiria wawili wa mbele hukalia injini, na kinachowatenga nayo ni kifuniko cha bati na raba nyembamba inayokizunguka. Raba hiyo ikishaliwa na joto na mafuta, hakuna tena kinachowatenga.

BABA KADZO HASIKII

Chukua mfano wa dereva aliyeshika usukani kwa miaka 20. Jioni yuko nyumbani, mkewe anamwita, "Baba Kadzo, chakula ki tayari." Hageuki. Anaitwa mara ya pili. Mara ya tatu anasema, "Mbona unanipigia kelele?" Watoto wanalalamika kwamba redio iko juu mno. Yeye husema kwamba watu wa siku hizi wana tabia ya kunong'ona.

Dereva huyu haamini kwamba masikio yake yana kasoro, kwa sababu lori likipita analisikia vizuri, na ngoma ikilia kijiji cha pili anaisikia. Hapo ndipo ugonjwa huu unapodanganya. Kelele huanza kuua uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na kuziacha sauti nzito. Mlio wa simu, wa ndege na wa mbu ndio hutangulia kupotea. Katika maneno, herufi kama s, f, t, sh na ch ndizo humpotea. Anasikia kwamba mtu anasema, lakini hapambanui "taa" na "saa", wala "fika" na "shika". Konda akimwambia "tisa" au "sita", yeye hukisia.

Ndani ya kila sikio mna kiungo kilichojikunja mfano wa koa la konokono. Humo mna seli zenye vinywele vidogo sana, zipatazo 15,000, ambazo hutikiswa na sauti na kupeleka habari kwenye ubongo. Kelele nyingi huvilaza vinywele hivyo kama upepo unavyolaza nyasi. Vikipumzishwa, husimama tena. Visipopumzishwa, seli hufa.

Na zikifa zimekwenda. Kuku wako wa nyumbani akipoteza seli hizo huotesha nyingine, kwani ndege wamejaliwa uwezo huo. Binadamu hakujaliwa. Hakuna dawa ya kumeza, ya kutia sikioni wala ya kienyeji inayozirudisha, ingawa wapo watu sokoni ambao watakuuzia. Chombo cha kusikilizia humsaidia mgonjwa, lakini hakimrudishii masikio aliyozaliwa nayo.

Fauka ya hayo, wengi hubaki na mlio usiokoma, mithili ya nyenje, ambao huwasumbua zaidi usiku nyumba ikiwa kimya. Kelele ya muda mrefu vilevile huuweka mwili katika hali ya mtu aliyeshtuliwa, na watafiti wameihusisha na shinikizo la damu.

KIASI GANI NI KINGI?

Kelele hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza barazani bila kupandisha sauti, ni desibeli 60 hivi. Kikomo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya kazini katika nchi nyingi ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku.

Usikihesabu kipimo hiki kama kilo za unga. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya kelele huwa maradufu, na muda ambao sikio laweza kukaa humo kwa usalama hupungua kwa nusu. Hivyo basi desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 94 ni saa 1. Ikifika desibeli 100, ni dakika 15 pekee. Matatu yenye spika kubwa chini ya viti yaweza kufika hapo bila taabu, na abiria aliyepanda Gongoni huwa hajafika hata daraja la Sabaki kabla dakika zake hazijakwisha.

Kipimo rahisi kisichohitaji chombo ni hiki: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili asikie mtu aliye umbali wa mkono mmoja kutoka kwako, kelele ya mahali hapo inakaribia au imepita desibeli 85. Dereva anayempigia ukelele utingo aliyeketi kando yake basi ana jibu tayari.

Hata magari ya kifahari hayasalimiki. Mwaka wa 2011 madaktari wa masikio wa Marekani walichapisha vipimo walivyofanya ndani ya magari yasiyo na paa. Kwa mwendo wa kilomita 88 kwa saa, kelele ya upepo na barabara ilikuwa inagusa desibeli 85, na iliongezeka kadiri mwendo ulivyozidi. Vioo vya pembeni vilipopandishwa, ilipungua. Ikiwa gari jipya lililotengenezwa kwa utulivu hufanya hivyo kwa sababu ya upepo tu, jiulize hali ya lori kuukuu lenye sailensa iliyopasuka.

Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kuwekwa katika kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Pia zinamtaka mwenye mahali pa kazi awe na mpango wa kulinda masikio ya wafanyakazi pale kelele inapopita desibeli 85. Mtu wa kwenye mashine ya kusagia chumvi huvalishwa viziba masikio. Kwa maoni yangu, kebini ya lori ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo, lakini matajiri wengi wa malori hawajapata kuifikiria hivyo.

Na hapa ndipo penye ugumu. Dereva hawezi kutiwa viziba masikio kama mtu wa kiwandani. Anahitaji kusikia honi, king'ora cha ambulensi, utingo anayegonga bodi kumwambia asirudi nyuma, na mtoto anayepiga kelele kando ya barabara. Yule wa kiwandani aweza kuzuiwa na kelele sikioni. Dereva hana budi kelele izuiwe kwenye gari.

ANZIA KWENYE CHANZO

Siku hizi maduka ya vipuri mijini huuza mikeka ya raba inayonata yenye karatasi ya alumini juu. Vijana huibandika milangoni ili muziki uwe mtamu. Ni vifaa vizuri, ila makosa ya wengi ni kukimbilia mikeka kabla ya kurekebisha gari. Ni sawa na kupaka ukuta rangi na huku paa linavuja.

Kabla hujanunua chochote, mpe fundi kazi hii. Akague ekzosi kuanzia kwenye injini hadi mwisho wake, azibe au abadilishe palipotoboka, na ahakikishe sailensa si debe tupu. Akague raba zinazoshikilia injini, kwani zikikatika injini hugonga fremu na gari zima likalia. Aangalie beringi za magurudumu. Matairi yaliyolika upande mmoja huvuma kama nyuki, na hakuna mkeka utakaoyanyamazisha.

Kisha aingie kwenye matundu. Watu wengi hawaamini nikisema kwamba tundu dogo hupitisha kelele nyingi kuliko bati pana. Wahandisi wa sauti wana hesabu yao: ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hata uwe mzito namna gani, hautaweza kupunguza zaidi ya desibeli 20. Kwa hiyo raba mpya za milango, raba ya kifuniko cha injini, na vizibo vya mahali nyaya na pedali zinapopita kuingia kebini, ndivyo vitakavyokupa faida kubwa kwa pesa kidogo.

Matundu haya yana hatari nyingine kubwa kuliko kelele. Moshi wa ekzosi una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hunyang'anya damu uwezo wa kubeba oksijeni. Ekzosi ikivuja chini ya sakafu yenye matundu, hewa hiyo hupanda ndani. Dereva huumwa na kichwa, husikia kichefuchefu na kusinzia, akadhani ni jua kali au njaa. Ikiwa kichwa hukuuma kila uingiapo gari fulani na kupoa ukishuka, usingoje. Shusha vioo, na gari hilo liende kwa fundi siku hiyo hiyo. Wala usikubali mtu azibe sakafu kwa mkeka na kuiacha ekzosi inavuja.

SINIA NA KIGANJA

Baada ya hapo ndipo zamu ya mabati. Ili uelewe kazi ya ile mikeka, chukua sinia la bati, lining'inize, uligonge kwa kijiko. Litalia. Sasa liguse kwa kiganja na ugonge tena. Litatoa mlio mfupi uliokufa. Hukulifunika sinia lote, umeligusa tu katikati. Mpiga ngoma hufanya vivyo hivyo anapotaka kuituliza ngozi ya ngoma yake.

Bati la mlango, la paa na la sakafu ni kama ngozi hiyo. Injini na barabara huligonga, nalo likalia kuelekea ndani. Mkeka wa raba ukiunatishwa juu yake, mtetemo huvutavuta raba ile na kuishia kuwa joto dogo sana. Ndiyo sababu haihitajiki kufunika kila mahali. Robo hadi nusu ya bati, katikati ya sehemu pana isiyo na mikunjo, hutosha. Anayekuuzia mikeka ya kujaza gari zima anakuuzia uzito: mkeka wa unene wa milimita 2 huwa na kilo 3 na zaidi kwa kila mita ya mraba, na mafuta ya kuusafirisha utayanunua wewe.

Gari la Pwani lina shuruti yake. Kutu iondolewe kwanza. Ng'oa kapeti, osha chumvi kwa maji matamu, acha sakafu ikauke kabisa, piga msasa hadi bati jeupe lionekane, mahali palipooza patiwe kiraka, kisha rangi ya kuzuia kutu. Rangi ikishakauka, pangusa kwa spiriti ndipo ubandike. Mkeka uliobandikwa juu ya kutu huificha tu, na huko chini huendelea kula bati kwa raha zake, hadi siku mguu wako utakapotokea upande wa pili.

Kubandika kwenyewe si kazi ngumu. Mikeka hulainishwa kwa joto ili inate, na katika nchi za baridi mafundi hutumia mashine ya kupuliza hewa moto. Gongoni, anika mkeka juani kwa dakika chache. Ukandamize kwa kigurudumu kidogo, au kile kijiti cha kusukumia chapati, hadi hewa yote itoke chini yake. Kijiti hicho kisirudi jikoni tena.

Wapo wanaotumia vipande vya lami ya kuzibia paa la nyumba kwa kuwa ni rahisi. Siwashauri, hasa paani na milangoni. Bati la gari lililoegeshwa juani huku kwetu halishikiki kwa mkono. Lami hulainika, hunuka, na mwisho huanguka. Tafuta mkeka ulioandikwa kwamba ni wa raba ya butili.

Juu ya mikeka ndipo huwekwa kitu cha kunyonya sauti: kapeti zito, feliti, au mkeka mnene wa nyuzi. Wakazi wa Pwani hawahitaji kufundishwa habari za makumbi ya nazi. Nyuzi hizo zikichanganywa na raba zimetumika kwa miaka mingi ndani ya viti vya magari. Ila chochote utakachoweka sakafuni kiwe chaweza kutolewa kianikwe, kwa kuwa kitu kilicholowa maji ya chumvi chini ya kapeti ni adui wa bati.

Godoro la sponji lililokatwakatwa halifai. Halizuii kelele kupita, hunywa maji kama mlevi, na likishika moto karibu na injini hutoa moshi wa sumu. Trei za mayai nazo ni hadithi tu.

PASIPOGUSWA

Chini ya kila mlango pana vitundu vidogo vya kutolea maji. Visizibwe kamwe. Mvua inayopita kando ya kioo hushukia humo, na ikikosa njia mlango huoza kuanzia ndani katika muda mfupi. Hali kadhalika usibandike kitu juu ya nyaya, mikanda ya usalama au njia ya kupandishia kioo.

Upande wa injini, na juu ya njia ya ekzosi, tumia vifaa vilivyotengenezwa kustahimili moto pekee, au uache wazi. Anayepaka gundi afanye kazi milango yote ikiwa wazi, mbali na sigara, kwa sababu mvuke wake hulevya na huwaka. Na iwapo ndani ya gari kuukuu utakuta feliti ya kijivu inayomeguka na kutoa vumbi karibu na injini, usiikwangue kavu. Baadhi ya vizuia joto vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Iloweshe kwa maji, uitoe ikiwa mbichi, uifunge ndani ya mfuko imara, usiitupe ovyo.

Utapata nafuu kiasi gani? Usitarajie lori kuukuu ligeuke gari la balozi. Matengenezo mazuri yaweza kupunguza desibeli chache tu. Lakini rejea kwenye hesabu yetu. Ukishuka kutoka desibeli 91 hadi 85, muda wako wa usalama umetoka saa 2 ukawa saa 8. Hata desibeli 3 ambazo sikio lako halizioni kuwa kitu, zimekuongezea muda maradufu.

Lipo jambo moja ambalo mikeka haiwezi. Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT cha Melbourne, Australia, waliwaweka watu 15 kwenye kiti kinachotikiswa polepole kama cha gari, wakaona usingizi unaanza kuwanyemelea baada ya dakika 15. Mtikisiko huo wa polepole hutoka kwenye springi, shokomzoba na kiti. Dereva anayesinzia ndani ya gari lililonyamazishwa vizuri bado ni dereva anayesinzia, na dawa yake ni kuegesha na kulala.

Wala hakuna faida ya kulinyamazisha gari kisha ukajaza nafasi hiyo kwa muziki. Kinyume chake, mtu ambaye gari lake limetulia hugundua kwamba redio aliyokuwa akiiweka juu kabisa sasa inamtosha ikiwa nusu. Akina mama wanaosafiri na watoto wachanga hawana haja ya kuona haya kusema, "Ndugu dereva, tupunguzie sauti, kuna mtoto." Sikio la mtoto lina miaka mingi ya kutumika kuliko la dereva.

NENDA UKAPIMWE

Kujua kama kazi ya fundi imefaulu, tumia simu yako. Zipo programu za bure za kupimia desibeli. Si sahihi kama chombo cha mtaalamu, lakini zatosha kulinganisha. Pima kabla na baada ya matengenezo, kwenye kipande kile kile cha barabara, kwa mwendo ule ule, vioo vikiwa namna ile ile, na ashike simu abiria wala si dereva.

Masikio yenyewe hayapimwi kwa simu. Dereva wa gari kubwa, utingo wake, na yeyote ambaye masikio yake huvuma baada ya kazi, apimwe uwezo wa kusikia hata kama anajiona mzima. Mwombe daktari wa hospitali ya karibu akuandikie barua ya kumwona mtaalamu wa masikio, pua na koo. Kwa watu wa Pwani, hospitali kuu ya rufaa iliyoko Mombasa, Coast General, ina kitengo hicho.

Kipimo hakiumi. Utaketi chumba kimya ukiwa na spika za masikioni, na kila usikiapo mlio, hata uwe mwembamba kama wa mbu, utabonyeza kitufe. Mtaalamu atachora mstari unaoonyesha sauti zipi unasikia na zipi zimekupotea, sikio la kulia na la kushoto mbalimbali. Nakala ya mchoro huo uiweke, kwa kuwa wa mwaka ujao utalinganishwa nao.

Usiende moja kwa moja kutoka safarini. Masikio yaliyochoka husoma vibaya. Pumzika kwanza mbali na injini na muziki kwa saa zisizopungua 14, ulale usiku nyumbani, ndipo uende asubuhi. Na ukienda Mombasa kwa matatu, keti mbali na spika.